Jumbe Azindua Mkeka

Nchi hii haipo. Naliweka hilo wazi mapema kabisa, asije mtu kunigongea mlango. Ukiitafuta kwenye ramani iliyobandikwa ukutani ofisini kwetu, utakuta mahali pake pamemwagikiwa chai, na lile doa ndilo limekuwa mpaka wetu rasmi wa magharibi tangu mwaka juzi. Kwa hiyo ukiona humu kitu kinachofanana na kwenu, ujue ni macho yako tu, na madaktari wa macho wapo.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo, mimi nilikuwa karani wa mihtasari, Wizara ya Sikukuu na Furaha ya Umma. Jina langu Shomvi. Kazi yangu ilikuwa kuandika waliyoyasema wakubwa, kwa namna ambayo wangependa wawe wameyasema. Maoni yangu binafsi sikuwa nayo. Siku niliyoajiriwa nilijaza fomu ya kuyakabidhi, nikapewa risiti, na risiti nikaipoteza.

Sikukuu yetu kubwa inaitwa Sikukuu ya Mfuniko. Mvua zikishakatika na mchele mpya ukishaingia, kila nyumba hupika pilau, hulifunika, na watu hukaa kulizunguka bila kuligusa mpaka hadithi isimuliwe hadi mwisho. Hadithi ni moja tu, na kila mtoto huijua kabla hajajua kufunga vifungo vyake. Siku ya sikukuu mgeni alifika kijijini, akabisha kwa Jumbe, Jumbe akamfungia mlango. Mgeni hakugomba. Alitandika mkeka wake uwanjani akakaa. Nyumba ya kwanza wakamwonea huruma, wakatoka na sufuria lao wakaketi naye. Ya pili wakatoka, ya tatu wakatoka, mikeka ikaunganishwa, mpaka kijiji kizima kikawa nje, na Jumbe akabaki ndani na pilau la watu arobaini, anasikia vicheko. Mwisho Jumbe akatoka na sufuria kichwani, akaomba nafasi mkekani.

Basi, imeisha. Likishatamkwa hilo la mwisho, mfuniko unainuliwa, mvuke unakupiga usoni, na nchi nzima inakula. Ukiinua kabla, bibi yako anakupiga mwiko wa vidole, na hakuna mahakama itakayokusikiliza.

Kwa miaka thelathini na moja hadithi hiyo ilisomwa redioni na Bi Kidawa, shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nina miaka minne. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa na mkwaruzo, na kila baada ya aya mbili alikohoa kidogo. Lakini hakuwa na haraka, na hakujitia kuigiza, na watu walimpenda kwa hilo. Kuna wanawake waliojifungua hawataki kusikia sauti ya mtu mwingine, wakatafutiwa kanda zake.

Sasa, serikali nazo zinapenda hadithi, na anayependa kitu hukishikashika. Rais wa kwanza aliona si vizuri Jumbe amfungie mgeni kwa roho mbaya, akaelekeza isemwe kwamba kitasa kilikuwa kibovu. Rais wa pili, ambaye hakuwa akipatana na wa kwanza, akasema kitasa kilikuwa kizima kabisa, ila Jumbe alikuwa ndani akiandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Rais wa tatu alikuwa mtu wa maridhiano. Akaamua Jumbe alikuwa ndani akiandaa mpango wa miaka mitano wa kutengeneza kitasa.

Hapo wizara nazo zikaona zimeachwa nyuma. Wizara ya Afya ikaomba mgeni anawe mikono kabla ya kubisha hodi, akanawa dakika nane, kila kidole kikitajwa kwa jina. Jeshi likamtaka apekuliwe, na mkeka uchunguzwe pande zote mbili. Wizara ya Barabara ikamfanya asifu barabara aliyokuja nayo, ingawa hadithi inasema alitokea porini. Wizara ya Utalii ikaleta tembo. Tembo huyo alipita nyuma ya nyumba ya Jumbe bila sababu yoyote, na baada ya kurasa kumi akapita tena kurudi, maana walisema watalii wengine huchelewa kutoa kamera.

Sijagusa sanaa bado. Shirika la Filamu lilitoa picha ambayo mgeni anapendana na binti wa Jumbe, halafu likatoa ya pili ambayo mgeni anarudi na miwani myeusi kulipiza kisasi. Likatoa ya katuni kwa ajili ya watoto, Jumbe akiwa nyanya na mgeni akiwa kitunguu. Bendi ya Magereza ikatoa toleo la tarumbeta tupu, na kusema kweli ndilo lililokuwa karibu zaidi na hadithi ya asili. Mpaka naingia kazini matoleo yalikuwa arobaini na tatu, na kwa agizo la serikali yote yalikuwa yameshonwa pamoja yasomwe redioni siku ya sikukuu, ili pasiwe na wizara itakayonuna.

Wananchi hawakulalamika. Kwa nini walalamike, wakati mwisho walijua utafika? Walijifunza tu kuchelewa kupika.

"Tembo ameshapita?" jirani angeuliza ukutani.

"Wa kwenda amepita. Wa kurudi bado."

"Basi naosha mchele."

Na shangazi alisoma vyote, vidole vyote, tembo wa kwenda na wa kurudi, kwa sauti ile ile, mpaka akafika kwenye sentensi ya mwisho. Pale alikuwa akinyamaza kidogo. Ungesikia nchi nzima inavuta kiti.

Mwaka ninaousimulia tulipata Waziri mpya, Mheshimiwa Daktari Kasembo, aliyesomea itifaki mpaka ikaisha. Huyu hakuweza kupita mbele ya utepe bila kuukata. Mara moja alikata kamba ya nguo ya jirani yake, akatoa hotuba, na zile nguo zikafutwa vumbi zikapigiwa makofi. Alipoteuliwa akaitisha Kamati ya Hadithi ya Taifa, wajumbe kumi na saba, na mimi nikakaa pembeni na daftari.

"Karani, tusomee mwisho," akasema.

Nikasoma.

"Rudia. Polepole."

Nikarudia polepole. Waziri akavua miwani.

"Jumbe anaomba?"

Miaka yote hiyo watu walikuwa wamelitazama neno lile wasilione.

"Anaomba, Mheshimiwa," nikasema.

"Anamwomba nani?"

"Wananchi, Mheshimiwa. Waliokaa."

"Wao wamekaa, yeye amesimama, na anayeomba ni yeye." Akawatazama wajumbe mmoja mmoja. "Kwa utaratibu gani? Kuna barua? Ilipitia kwa nani?"

Mjumbe mmoja mpole akasema labda aliomba kwa mdomo tu, kwa vile ilikuwa sikukuu. Waziri akamwuliza kama angependa kuendelea kuwa mjumbe, na yule bwana akasema angependa sana.

Ndipo akainuka Kanali Tindwa, mstaafu, aliyewahi kuongoza Bendi ya Magereza. "Na sufuria kichwani," akasema kwa uchungu. "Kichwani ni mahali pa kofia."

Hoja hiyo ilipigiwa makofi ya dakika mbili. Kamati ikaamua, kwa kauli moja, kwamba sentensi ya mwisho iwekwe pembeni kwa ajili ya utafiti, na kwamba wajumbe tisa wasafiri ng'ambo wakaone nchi nyingine zinamalizaje hadithi zao. Kwa upande wangu nikaagizwa nipate sahihi ya Bi Kidawa, kuonyesha kwamba msomaji ameridhia kwa hiari. Walijua ni shangazi yangu. Walisema ndiyo maana ya ushirikishwaji wa wadau.

Nilimkuta kibarazani anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo faili liache nje pamoja na viatu."

Nikacheka, nikaingia nalo. Nikamsomea uamuzi wote, pamoja na viambatisho. Alisikiliza huku anatoa punje za mawe, anazitupa uani. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Na watu watakula saa ngapi?"

"Hilo halikuwa kwenye ajenda, shangazi."

Akaweka ungo chini. "Shomvi, mimi nimesoma kitasa kibovu. Nimesoma kitasa kizima. Nimesoma tembo, na nikamrudisha. Sikusema neno, maana yale ni mapambo, na mtu akitaka kuvaa shanga hakatazwi. Lakini mwisho nisipousoma, watu wanabaki na njaa. Sasa niseme nini, nimeridhia watu wakae na njaa?"

"Weka sahihi tu, shangazi. Mengine yatajulikana mbele ya safari."

"Yatajulikana na nani?"

Akanirudishia kalamu, tena aliifuta kwanza kwenye kanga yake, maana ilikuwa na unga wa mchele. Njiani nilimwonea hasira, kisha nikamwonea huruma, kisha nikaona haya mwenyewe. Nilipofika ofisini nilikuwa nimeshapona.

Barua ya kumwachisha kazi niliitunga mimi. Nani mwingine angeitunga? Ilikuwa barua nzuri. Ilimshukuru kwa aya tatu, halafu ikasema: "Kuanzia tarehe ya barua hii hutatamka jambo lolote linalomhusu Jumbe, sufuria au mkeka mbele ya kipaza sauti cha Serikali, hata ukiombwa na nani." Hayo maneno ya mwisho sikuagizwa, niliyaongeza kwa sababu sentensi ilikuwa inaishia ghafla. Waziri alisoma akasema, kijana, wewe una mkono. Tarishi aliyepaswa kuipeleka akaumwa ghafla, na wa pili akaumwa zaidi, wote walikuwa wamelelewa na ile redio. Nikaipeleka mwenyewe.

Shangazi aliisoma amesimama mlangoni. "Umenyoosha lugha," akasema. "Nilikufundisha vizuri." Akaingia ndani. Nilikaa kibarazani kidogo nikingoja aniite chai, kama ilivyo desturi yake. Hakuniita, nikaondoka.

Siku ya sikukuu msomaji alikuwa Kanali Tindwa. Alianza saa tatu asubuhi kwa sauti ya gwaride. Kila penye mkato alisimama kana kwamba anangoja kikosi kifike. Saa nne mgeni alikuwa bado ananawa kidole cha shahada. Saa sita tembo akaenda. Saa saba na nusu tembo akarudi, na mafundi mitambo wakampigia makofi kwa furaha. Sisi wa kamati tulikuwa hapo hapo studio, tumezunguka sufuria la taifa, limefungwa utepe wa rangi tatu, na Waziri ameshika mkasi.

Saa nane kamili Kanali akasoma: "Kijiji kizima kikawa mkekani. Huu ndio mwisho wa hadithi. Sikukuu njema."

Tarumbeta zikalia. Waziri akakata utepe. Kisha hakuna aliyefanya kitu. Nilinyoosha mkono kuinua mfuniko, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu, mkono ukafika nusu ya njia ukarudi wenyewe. Nikamwona mjumbe mpole naye anajaribu, wake haukufika hata nusu. Tukakaa tunanusa.

Simu zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ya Mkuu wa Mkoa wa Kaskazini.

"Hali ya huko?" Waziri akauliza.

"Shwari, Mheshimiwa. Shwari mno. Watu wamekaa wanaitazama redio."

"Wanakula?"

"Wanaitazama redio, Mheshimiwa."

Kusini wakasema bibi mmoja ameitikisa redio yake, akidhani mwisho umekwama ndani. Mashariki wakasema hakuna mfuniko ulioinuka mkoa mzima, isipokuwa mmoja, na aliyeuinua alikuwa mlevi, na wameshamshughulikia. Magharibi hawakupiga, kwa sababu ya lile doa la chai.

Halafu ikalia simu nyekundu. Waziri akasimama, na sisi tukasimama.

"Kasembo."

"Naam, Mheshimiwa Rais."

"Hadithi imeisha?"

"Imeisha, Mheshimiwa Rais, na imepokelewa vizuri."

"Mama anasema haijaisha."

Nieleze. Mheshimiwa Rais alikuwa na mama wa miaka tisini na mmoja, na pilau la sikukuu alilila kwa mama yake kama mtu yeyote. Bibi huyo, tulivyokuja kuambiwa, alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mfuniko, na walinzi sita walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Mheshimiwa Rais," Waziri akasema kwa heshima, "nchi ni yako."

"Nchi ni yangu. Sufuria ni la Mama." Simu ikakatwa.

Kamati ikakaa kikao cha dharura papo hapo. Ilikubalika kwamba hadithi inahitaji mwisho, na kwamba si lazima uwe ule. Dakika ishirini baadaye Kanali akarudi hewani: "Jumbe akatoka, akauzindua mkeka." Tarumbeta. Tukangoja. Kaskazini wakapiga kusema watu wamepiga makofi kwa adabu, kisha wamekaa tena.

Mwisho wa pili ulisema: "Mkeka ukawasilisha ombi kwa Jumbe, naye akalipokea." Huu ulileta matumaini. Kusini watoto wawili waliinua mifuniko, wakapigwa mwiko, wakaacha. Wa tatu aliutunga mwanasheria wa wizara: "Pale Jumbe atakapokuwa ametoka, na bila kuathiri mlango uliotajwa hapo juu, nafasi itahesabiwa kuwa imepatikana." Waliousikia wanasema baadhi ya watu walilia. Wa nne ulikuwa wa tarumbeta peke yake. Wa tano Waziri aliusoma mwenyewe, ulikuwa na takwimu.

Jeshi la Polisi likaamriwa liende nyumba kwa nyumba likainue mifuniko kwa nguvu. Mkuu wa Polisi akajibu kwamba anaipokea amri kwa mikono miwili, lakini yeye na vijana wake wote, isipokuwa wawili wa zamu, wako makwao, wamekaa mbele ya masufuria, na wengi wao wamekaa na mama wakwe.

Saa kumi simu nyekundu ikalia tena. Sauti ya Rais ilikuwa imepungua. "Mama anasinzia," akasema. "Lakini mikono hailali. Kasembo, yule mama wa siku zote yuko wapi?"

Waziri akanitazama. Ndipo msafara ukatoka: gari la Waziri, pikipiki mbili za polisi waliokuwa zamu, na gari la matangazo la redio, mimi nikiwa ndani na kipaza sauti mapajani.

Mtaa wa shangazi tuliusikia kabla ya kuuona. Watu walikuwa wameketi barabarani kwenye mikeka, wanakula, wanazozana kuhusu nani kachukua nyama yote. Redio ilikuwa dirishani imegeuziwa ukuta. Kumbe tangu saa sita shangazi alikuwa amewasimulia majirani hadithi kwa mdomo, ile ya zamani, bila vidole wala tembo, robo saa ikaisha. Mtaa wa pili walikuja kuchungulia, wakasikia, wakarudi kwao kuambiana, na wa tatu vivyo hivyo. Lakini nchi ni kubwa na miguu ni miwili, kwingine kote watu walikuwa bado wanaitazama redio.

Waziri akashuka, akarekebisha tai. "Bi Kidawa, Taifa linakuhitaji."

"Karibu, Mheshimiwa. Sikukuu njema."

"Utasema sentensi moja tu hewani, kwa maslahi ya umma. Ile."

Shangazi akafungua pindo la kanga, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. "Ningependa, Mheshimiwa. Lakini serikali imenikataza, na mimi serikali naiheshimu. Inasema hapa, hata ukiombwa na nani."

Waziri akaisoma. "Nani kaandika haya?"

"Mheshimiwa aliyapenda," nikasema.

"Ifute barua."

"Barua ya kamati inafutwa na kamati, Mheshimiwa, ikiwa na akidi. Wajumbe tisa wako ng'ambo. Waliobaki wako studio, na Kanali amezimia tangu mwisho wa nne."

Waziri akatembea hatua tatu, akarudi. Harufu ya pilau ilikuwa inamfanyia ubaya, nilimwona anameza. Mwisho akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Karani. Wewe unaijua?"

"Naijua, Mheshimiwa. Nchi nzima inaijua."

"Basi iseme wewe."

"Mheshimiwa atanipa agizo la maandishi?"

"Agizo gani? Mimi nitakuwa nimetazama kule." Akaonyesha ukuta. "Na ukishasema, utakuwa umekiuka uamuzi wa kamati, kwa hiyo hutakuwa na kazi. Hilo nalo ulielewe."

"Nisiposema?"

"Mama yake Rais hatainua mikono. Sasa amua, mimi simo."

Akageuka akautazama ukuta, tena kwa makini, kama mtu anayetaka kuununua.

Nikasimama pale na kipaza sauti. Miaka kumi na minne nilikuwa nimeandika maneno ya watu wengine, sikuwahi kutamka langu hata moja ambalo lingeweza kunigharimu kitu. Nikamtazama shangazi anisaidie. Hakunitazama. Alikuwa amerudi kukaa mkekani kwake, na hapo nikaona jambo ambalo sikuliona mwanzo: kila sufuria mtaani lilikuwa wazi limeshapakuliwa, isipokuwa la kwake. Lake lilikuwa limefunikwa, na kitambaa juu.

"Shangazi, hujala?"

"Nile vipi? Mtu wangu alikuwa hajafika."

Alisema hivyo huku anafukuza nzi, basi, wala hakuinua uso. Nilijisikia kulia na kucheka kwa pamoja. Nikawasha kipaza sauti.

"Mwisho," nikasema, na sauti ikakatika, nikaanza upya. "Mwisho Jumbe akatoka na sufuria kichwani, akaomba nafasi mkekani."

Kisha mitaa ya mbali, upande wa sokoni, tukasikia mfuniko mmoja unagonga sakafu. Ukafuata mwingine, halafu mingine mingi, bati juu ya saruji, kutoka kila upande, kelele ambayo hakuna bendi ya magereza itakayoiweza. Fundi wa gari la matangazo akavua visikizio, akavirudisha, akaanza kupokea simu huku anacheka. Kaskazini wanakula. Kusini wanakula na yule bibi ameibusu redio. Hata Magharibi walipiga, tukajua kumbe wapo.

Simu ya mwisho ilitoka nyumbani kwa mama yake Rais. Hakuna aliyezungumza, alisikika mtu anatafuna kwa bidii. Kisha ikaja sauti ya ajuza, kwa mbali. "Nani huyo aliyesoma? Sauti yake mbaya. Lakini amemaliza."

Waziri akageuka kutoka ukutani. "Umefukuzwa," akaniambia, bila ubaya wowote, akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akafunga. Akangoja. Dereva wake alikuwa ameshavua viatu, yuko mkeka wa tatu na mkono uko ndani ya sahani hadi kifundo. Askari wa pikipiki walikuwa mkeka wa nne. Na Mheshimiwa, katika masomo yake yote, hakuwahi kujifunza kuendesha gari.

Shangazi akaondoa kitambaa, akainua mfuniko. Wali ulikuwa umeshikana.

"Angalia ulivyonifanyia mchele," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Akanipakulia, akajipakulia, kisha akachukua sahani ya tatu, akaijaza, akaweka paja la kuku juu na ndizi pembeni.

"Mpelekee yule."

"Shangazi, yule amenifukuza kazi sasa hivi."

"Nimesikia. Mpelekee, ana njaa."

Nikainuka na sahani. Niligonga kioo. Ndani Waziri alikuwa anatazama mbele, kama gari linakwenda. Nikagonga tena. Akashusha kioo kwa upana wa vidole viwili, na harufu ikaingia, nikaona pua yake inafanya kazi. Nikajaribu kuipitisha sahani bapa, haikupita. Nikajaribu kuilaza kidogo, ndizi ikaanguka.

"Fungua mlango, Mheshimiwa," nikamwambia.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Unaniambia hayo kwa cheo gani?"

Nikafikiri. Nilitafuta kwa kweli, maana ni swali la haki. "Sina cheo, Mheshimiwa," nikasema.

Akapandisha kioo.

Nilisimama pale na sahani mpaka mkono ukachoka. Kisha nikaiweka juu ya boneti, mahali anapoweza kuiona, nikarudi kula kabla changu hakijapoa.